Nyanya Yenu Hakufikisha Miaka 115: Barua ya Wazi kwa Wajukuu wa Dada Yangu

Wajukuu zangu, mlioko Mambrui na Malindi, mlioko Mombasa na Nairobi, na mlioko Doha na Jeddah mkitafuta riziki, Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimengoja arobaini ipite. Sikutaka kuwasemesha mkiwa katika msiba, kwa kuwa mfiwa hana masikio, na kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa mfiwa kabla yenu nyote. Sasa khitima imesomwa, majamvi yamekunjwa, masufuria ya kuazima yamerudishwa kwa wenyewe, na wengi wenu mmekwisha kuondoka. Naandika barua hii wazi, wala sikumwita mmoja wenu pembeni nikamnong'oneza, kwa sababu kosa lenyewe lilitendwa hadharani, na kwa sababu naamini kwamba nyumba nyingi za pwani yetu zimo katika kosa hilo hilo.

Siku tuliyomzika dada yangu, Januari 2025, kabla hata ya sala ya jeneza, tangazo lilikuwa limekwisha enea katika simu za watu. Ilikuwa ni picha yake ya Idi, amejifunga leso yake nyekundu, na chini yake maandishi makubwa ya rangi ya dhahabu yaliyosema kwamba amefariki akiwa na umri wa miaka 115. Kufika jioni mtu mwingine alikuwa ameongeza kwamba huenda ndiye aliyekuwa mkongwe kuliko wote nchini Kenya. Watu walikuja matangani wakanipa mkono wa pole, kisha, kabla mkono haujaachana, wakaniuliza habari za miaka hiyo 115. Nikatafuta aliyeiandika. Wa kwanza akasema aliambiwa na binamu yake, binamu akasema alisikia kwa mwingine, na huyo mwingine akaniambia, "Babu, si alikuwa mzee sana?" Katika wote niliowauliza, na niliwauliza wengi, hapakutokea hata mmoja aliyesema kwamba alimuuliza mwenyewe.

Nyanya yenu hakufikisha miaka 115. Wala hakufa akiwa na miaka 85, kama kinavyosema kitambulisho chake. Alikuwa na miaka 93, ikipungua ni mmoja na ikizidi ni mmoja, na katika barua hii nitawaonyesha njia niliyoijulia.

Huenda wengine wenu mkasema kwamba babu anakasirikia jambo dogo, kwamba nia yenu ilikuwa kumtukuza. Basi kumbukeni kibaba chake cha bati, kilichokuwa kikikaa ndani ya gunia la kunde nyuma ya mlango. Aliuza simsim, pojo, kunde na mtama kwa miaka isiyopungua arobaini, na kipimo chake kilikuwa kibaba cha tele, kilichojaa mpaka kikapata kichwa, na akiona punje zimemwagika mkekani aliziokota akazitia katika kikapu cha mnunuzi. Vibaba vinne vikawa pishi, na pishi yake watu wa Mambrui hawakuipima tena wakifika nyumbani kwao. Wako wauzaji waliompimia mteja kibaba cha mfuto wakamtoza bei ya tele, na yeye aliwataja kwa huzuni, kama mtu anavyotaja wagonjwa. Mwanamke huyo aliyepima kwa haki maisha yake yote, nyinyi mmempimia miaka kwa kukisia, mkaijaza uongo hata ikamwagika. Kwani 93 ilikuwa michache? Ni nani kati yetu aliyeahidiwa nusu yake?

Na hesabu yenyewe haikuhitaji elimu kubwa. Kama angekuwa na miaka 115, angekuwa amezaliwa mwaka 1910. Mama yenu mdogo, kitinda mimba, alizaliwa mwaka 1970. Ina maana kwamba mlitutangazia, mbele ya watu wazima wenye akili, kwamba nyanya yenu alijifungua akiwa na miaka 60. Watoto wa darasa la nne wangeliona kosa hilo, na miongoni mwenu wamo wahasibu, wamo walimu, na yumo mmoja anayekaribia kuwa daktari.

Kitambulisho nacho msikishike kama msahafu. Wanawake wa nchi hii hawakuandikishwa vitambulisho mpaka miaka ya 1970 ilipokuwa ukingoni, na dada yangu alipokwenda kuandikishwa alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Karani alimuuliza tarehe ya kuzaliwa, yeye akaanza kumweleza kwa njia yake, kwa vita na kwa mvua na kwa meno, na karani, aliyekuwa na foleni ndefu mbele yake, akamtazama usoni, akaandika tarehe 1 Januari 1940. Tazameni vitambulisho vya wazee wa kijiji chenu mtaona kwamba wengi walizaliwa tarehe 1 Januari, kana kwamba mama zetu wote walipatana. Karatasi ilimpunguzia miaka minane, na nyinyi mkamzidishia ishirini na miwili, na ukweli ulikuwa umekaa barazani miaka yote hiyo, unasuka makuti.

Haya, sikilizeni sasa.

Mnamo Oktoba 1940, katika Vita vya Pili vya Dunia, ndege za Wataliani ziliutupia mabomu mji wa Malindi. Dada yangu alikuwa kisimani hapa Mambrui pamoja na mama yetu. Aliniambia kwamba waliusikia mlio ambao haukuwa radi, kwa kuwa mbingu ilikuwa nyeupe, na kwamba mama alimwaga maji, akamshika mkono, wakakimbilia shambani wakakaa chini ya mwembe mpaka magharibi. Nilimuuliza, "Ulikuwa mkubwa kiasi gani?" Akanijibu kwamba mtungi wake ulikuwa ule mdogo, na hata huo alikuwa bado anatwishwa na mama, hawezi kujitwisha mwenyewe; na kwamba meno ya mbele ya juu yalikuwa yamekwisha kuota upya, ila yalikuwa bado yana misumeno, akilamba anasikia yanakwaruza. Mtoto wa namna hiyo ana miaka minane, au saba, au tisa.

Mimi nilizaliwa mwaka vita vilipokwisha, na yeye ndiye aliyenibeba, kwa sababu mama yetu hakupona baada ya uzazi wangu. Kanga aliyonifungia mgongoni ilikuwa imechakaa, nguo zilikuwa haba wakati ule, na aliniambia kwamba watu walipoona miguu yangu inaning'inia karibu na magoti yake walicheka kwamba mtoto amembeba mtoto. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mgongo ule ndio kitanda changu cha kwanza ninachokikumbuka. Alipoolewa nilikuwa chuoni nasoma juzuu ya Amma, na nililia siku tatu. Kifungua mimba wake alizaliwa mwisho wa mwaka 1952, siku ambazo redio ya dukani ilikuwa ikitaja Hali ya Hatari bara, na yeye akidhani ni ugonjwa. Wa tatu alizaliwa katika mafuriko ya mwaka 1961, mto Sabaki ulipotoka katika kingo zake ukaingia mashambani, hata mkunga akaletwa amebebwa. Wa nne alikuwa mgongoni mwake siku bendera ya Uhuru ilipopandishwa, tarehe 12 Desemba 1963. Na huyu kitinda mimba alizaliwa siku ya sikukuu hiyo hiyo, miaka saba baadaye, tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo kule Ngomeni, kutoka katika lile jukwaa la chuma la San Marco lililosimamishwa baharini, kilirushwa chombo cha kwenda angani kikapewa jina la Uhuru. Dada yangu alisema, "Chuma kimepanda na mwanangu ameshuka." Nyinyi mlikuwa mkimcheka aliposema hivyo, mkidhani ni mafumbo ya wazee. Alikuwa akiwatajia tarehe.

Alikuwa na hesabu yake nyingine pia, iliyo ya zamani kuliko kalenda ya ukutani. Mwaka wa jua wa Waswahili huanza Nairuzi, na siku zake huhesabiwa kumi kumi, na kila kumi ni mwongo. Kwa miongo hiyo wakulima walijua siku ya kufyeka, siku ya kuchoma, na siku ya kutia mbegu kabla ya mvua za mwaka. Mwaka wenyewe ulipewa jina la siku iliyoangukia Nairuzi, na kwa kuwa siku husogea moja kila mwaka, mwaka Ijumaa ulifuatwa na mwaka Jumamosi, na baada ya miaka saba mzunguko ukaanza upya. Dada yangu aliwajua wanawe wote kwa njia hiyo, na nilipozilinganisha hesabu zake na cheti cha hospitali cha huyo wa mwisho, hakukosea hata siku moja. Mwaka alioukosa ni mmoja tu, nao ni wa kwake mwenyewe. Mama yetu alikufa kabla hajamwambia, na yeye, akiwa mtoto, hakupata kuuliza. Aliniambia hayo usiku mmoja tukiwa wawili, na akasema kwamba tangu siku hiyo aliapa hatamwacha mtu yeyote aliyezaliwa mikononi mwake bila kujua siku yake. Ndiyo sababu aliwahifadhi nyote. Katika nyinyi hakuna aliyemsikia akikosea siku ya mtu.

Sasa nitasema jambo lililonikosesha usingizi. Katika matanga mmoja wenu alinionyesha simu yake, akitaka kunifariji, na Mungu amlipe kwa nia yake. Ilikuwa ni video fupi ya Idi iliyopita. Dada yangu ameketi barazani, ndege imepita juu ikielekea kiwanja cha Malindi, naye ameinua uso akaitazama, akaanza, "Siku ile ndege zilipokuja, mimi na mama tulikuwa kisimani..." Na hapo hapo sauti ya kijana nyuma ya simu ikasema, "Nyanya, angalia huku, cheka kidogo." Akaangalia. Akacheka. Video ikaisha. Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuwaambia. Alikuwa amefungua mlango mwenyewe, hakulazimishwa, na mkamwomba tabasamu. Mnazo picha zake mia na zaidi, mmempiga akila, akicheka, akisali, akilala, na hakuna hata moja ambayo ndani yake mtu amemuuliza swali akanyamaza kusikiliza jibu.

Wala sitawatwika nyinyi peke yenu mzigo huu, kwa kuwa kosa lina mizizi katika jamii yetu nzima. Mwulizeni mtoto yeyote wa shule katika mji wetu ni lini Vasco da Gama alifika Malindi, atawajibu bila kusita kwamba ni Aprili 1498, na atawapeleka mpaka kwenye mnara wake. Ni vyema ajue. Lakini mwulizeni mtoto huyo huyo nyanya yake alizaliwa wapi, kisima kilichowanywesha kilichimbwa na nani, na shamba lao lilifyekwa na nani, naye atakodoa macho. Tumewafundisha watoto kwamba tarehe ni mali ya wageni na wafalme, na kwamba mwanamke wa shamba hana tarehe, ana umri mkubwa tu. Ndipo akifa tunamvalisha idadi yoyote, kama maiti asiye na wenyewe anavyovalishwa sanda ya sadaka. Redio zetu, mashule yetu na misikiti yetu, sote tumo. Humaliza siku nzima tukimsifu mzee aliyekwisha kufa, na alipokuwa hai tulikuwa tukimpita barazani kwa "Shikamoo" ya haraka, jibu lake likatufikia tukiwa tumekwisha kata kona.

Na msidhani kwamba hasara ya kutouliza ni ya moyoni peke yake. Siku ya tatu ya matanga, jirani yetu wa upande wa kusini alikuja kwa adabu, akakaa, akala, akasoma Yasini, kisha akaniambia kwamba ile minazi minne iliyo karibu na mpaka ni ya marehemu baba yake. Wengi wenu mlikasirika, mkasema ameona mwenye nyumba amekufa ndipo amepata ulimi. Nawaambia mbele ya watu kwamba mlimkosea. Katika pwani yetu ardhi huweza kuwa na mwenyewe na mnazi uliosimama juu yake ukawa na mwenyewe mwingine. Mtu aliweza kupanda katika ardhi ya mwenzake kwa ruhusa, akauza mti, akaurithisha, akauweka rehani, na ardhi ikabaki kwa mwenyewe. Dada yangu aliijua minazi ya shamba lile mmoja mmoja, kama mwalimu anavyowajua wanafunzi. Alijua upi ulipandwa alipozaliwa mwanawe yupi, upi ulipatikana kwa kulipwa deni, upi ni wa jirani na nazi zake huliwa nusu kwa nusu kwa sababu gani. Mimi katika minne ile najua miwili: mmoja, uliopinda, ni wa jirani kwa haki, nilishuhudia nikiwa kijana, na wa pili ni wetu, ulipandwa mwaka wa mafuriko. Miwili iliyobaki siijui, na hakuna tena chini ya jua anayeijua. Tumepatana na jirani kwamba nazi za miwili hiyo tutagawana sawa mpaka wazee wakae, lakini jambo ambalo lingemalizwa kwa swali moja, kwa kikombe kimoja cha kahawa, sasa huenda likazivuta nyumba mbili kwa miaka.

Watu wa pwani wangepaswa kulijua jambo hili kuliko watu wote. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wazee wetu wapeleke madai yao yaandikwe, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Wengi hawakusikia, wengine walisikia hawakuelewa, na wengine waliona kwamba hawana haja ya kudai kitu kilicho chao. Vizazi vilivyofuata vikaitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Hata leo, kila maofisa wanapokuja kupima, jambo la kwanza wanalotaka ni mzee anayejua: nani alilima hapa, tangu lini, mpaka uko wapi, mkwaju huu ulipandwa na nani. Watu ambao ushahidi wao umo vinywani mwa wazee wanapowaacha wazee wao wafe bila kuulizwa, wanazika hati zao kwa mikono yao wenyewe, kisha wanalaumu ardhi kuibwa. Imeibwa, naam, na walioiiba watajibu mbele ya Mola wao. Lakini ufunguo wa sanduku tuliupoteza sisi.

Hapo nimesema sisi, na namaanisha. Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja, nilikuwa nikiketi naye kila Ijumaa baada ya sala, na mengi niliyoyaandika hapa niliyapata kwa bahati, katika maongezi, si kwa kuyatafuta. Miaka mitatu iliyopita nilinunua daftari kubwa lenye jalada gumu nikasema nitaandika kila asemalo. Nikaandika kurasa nne. Ramadhani ikaingia nikaacha, nikaumwa na goti nikaacha, kisha nikajiambia kwamba bado yuko, akili yake ni nzima, hajambo kuliko mimi. Minazi ile miwili ingalikuwa katika ukurasa wa tano.

Yako mambo mengine ya kuwakumbusha, na nitayataja kwa ufupi kwa kuwa mnayajua. Deni lake kwa mwenye duka lilipwe kwanza, kabla ya jambo lolote. Mirathi haigawanywi kwa sauti ya aliye mkubwa. Hutolewa gharama za maziko, madeni, na wasia usiozidi theluthi, kisha kilichobaki kinagawanywa kwa mafungu ya sheria, na mahakama ya kadhi ipo Malindi. Mabinti wapewe fungu lao mkononi, wasiambiwe kwamba watatunziwa na kaka zao. Shamba lisiuzwe kwa dalali yeyote kabla ya hapo. Picha za maiti ziondoeni katika simu zenu leo hii. Mama yenu mdogo, aliyemwogesha na kumlisha miaka yote ya mwisho, msimwache sasa katika nyumba tupu peke yake.

Na kuhusu kibao cha kaburi: nimekwenda mwenyewe kwa fundi nikamkuta ana karatasi yenu, ana mwaka 1910, na patasi mkononi. Nimemzuia. Akiandika, aandike jina lake na la baba yake, na mwaka aliofariki, basi. Mwaka wa kuzaliwa hatuna kwa yakini, na yeye hakupata kusema asilolijua.

Nilizokuwa nataka kwenu ni safari, wala si maneno ya kuniomba radhi. Wako wazee watatu waliobaki wa rika lake au wanaokaribia. Yuko bibi mmoja Gongoni, waliyekuwa wakisuka naye mikeka, macho yamemwisha lakini ulimi haujambo. Huyo anajua mashamba yote ya upande wa kule kabla hayajachimbwa madimbwi ya chumvi. Yuko mzee wa Ngomeni aliyekuwa nahodha, na yuko shemeji yake dada yangu aliyeko Marafa. Wanne wenu mlioko karibu gawaneni. Msiende na karatasi ya maswali kama makarani. Nendeni na sukari na majani, mketi chini mkekani, mtangulize salamu na habari za wagonjwa wao, kisha msubiri. Mzee husimulia akipata kitu cha kumkumbusha, kama vile ndege ile ilivyomkumbusha dada yangu. Mpelekeni mpaka kisimani, mwonyesheni mti, mpeni kibaba cha zamani akishike. Simu zenu ni nzuri kwa kazi hii kuliko daftari langu, kwa kuwa hazichoki na zinaihifadhi sauti yenyewe. Ziwasheni, ziwekeni chini kifudifudi, na mtazameni usoni mwenye kusema. Akikosea msimsahihishe. Akirudia kisa mara ya tatu sikilizeni vilevile, kwa sababu mara ya tatu ndipo huongeza jina alilolisahau. Akilia nyamazeni naye. Na kabla hamjaondoka mwulizeni nani mwingine alikuwapo.

Daftari langu nitampa mama yenu mdogo, lina kurasa zile nne na nyingine nilizoziongeza tangu arobaini, usiku, nikijikumbusha. Kila mmoja wenu aandike humo siku yake aliyotajiwa na nyanya yake, kwa maneno yake yeye, hata kama ana cheti cha hospitali. Wewe uliyezaliwa usiku wa kibunzi, kesho yake ikawa Nairuzi, andika. Wewe uliyezaliwa wiki iliyotangulia siku bahari ilipojivuta ikarudi kwa nguvu, tarehe 26 Desemba 2004, andika, na utaje pia kwamba alikukimbiza shambani umo ndani ya ungo.

Na mimi niandikieni, mkono wangu unatetemeka. Kitambulisho changu kinasema 1948, kwa sababu mwalimu aliyenipokea shuleni aliniona nimepita umri akanipunguzia. Si kweli. Nilizaliwa mwaka 1945, mvua za mwaka zikiwa ndiyo zimeanza, baada ya alasiri, maji ya bahari yakijaa. Mvua iliingia kwa tundu la makuti juu ya kitanda, na dada yangu akasimama pale akiwa ameshika sufuria, akikinga, tangu uchungu ulipoanza mpaka nilipolia. Aliyenieleza hayo ni yeye, na hapakuwa na mwingine chumbani aliye hai leo.

Babu yenu, ndugu wa nyanya yenu,
Mambrui